Mfupa Hukulia Wapi

Stephen Hales alikuwa kasisi wa kijiji cha Teddington, kando ya mto Thames, na kitabu alichokitoa London mwaka 1727 kilihusu mimea: maji yanavyopanda shinani na majani yanavyoyapumua nje. Alitaka kujua chipukizi la mzabibu hurefuka sehemu gani. Akatengeneza kijiti chenye pini tano zilizoachana kwa robo inchi, akazichovya kwenye rangi nyekundu, akaligonga chipukizi alama toka chini hadi juu. Alipolirudia baadaye alikuta alama zimeachana, nyingine sana, nyingine kidogo. Chipukizi lilikuwa limejivuta lote.

Hapo ndipo alipomkumbuka kuku. Alimchukua mmoja aliyefikia nusu ya ukubwa wake, mfupa wa mguu ukiwa na urefu wa inchi 2, akautoboa kwa chuma chenye ncha kali mahali pawili palipoachana kwa nusu inchi. Miezi miwili baadaye akamchinja. Mfupa ulikuwa umeongezeka inchi nzima, lakini umbali kati ya vile vitobo viwili ulikuwa uleule wa nusu inchi. Kwa hiyo mfupa haujivuti kama chipukizi. Unaongezewa miishoni, na Hales alibainisha kwamba sehemu kubwa ya ongezeko ilikuwa upande wa juu, pale kichwa cha mfupa kinapoungana na mpini wake. Aliyaandika hayo kwa ufupi, kisha akarudi kwenye mimea yake.

Mahali hapo alipopaonyesha Hales pana gegedu. Mla kuku analifahamu hata kama hajawahi kulitaja kwa jina: ule weupe unaong'aa kwenye kichwa cha paja, unaotafunika kwa mlio, au ile ncha ya kidari ambayo kwa kuku mchanga hupinda ukiibonyeza kwa kidole gumba, na kwa jogoo mzee haipindi kabisa kwa sababu imeshakuwa mfupa. Mnunuzi mzoefu huibonyeza kabla ya kulipa. Kipimo chake ni sahihi. Wanasayansi walihitaji miaka 131 baada ya kuku wa Hales ndipo wakaweza kueleza kwa nini.

Kuchelewa huko kuna mizizi mirefu. Aristotle, aliyechunguza samaki wengi kisiwani Lesbos katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliliweka gegedu kwenye ukoo mmoja na mfupa na kusema tofauti yao ni ya kiasi tu. Aliwatenga papa na taa kuwa kundi la peke yao, maana mwilini mwao hamna mfupa wa kweli hata mmoja. Kiunzi chao chote ni gegedu. Aliandika pia kwamba gegedu likikatwa halioti tena, jambo ambalo wafuasi wa tabibu Hippocrates walikuwa nalo tayari katika mafundisho yao. Andreas Vesalius alipochapisha kazi yake kubwa juu ya mwili wa binadamu mwaka 1543, mifupa na magegedu viliwekwa pamoja katika kitabu cha kwanza kati ya vitabu vyake saba. Yaani kwa karibu miaka 2000 wasomi walilichukulia gegedu kuwa mfupa usiokomaa, na asiyekomaa nani hujishughulisha naye?

Mwaka 1736 mpasuaji wa London, John Belchier, alialikwa chakula na mtu aliyekuwa na kazi ya kupiga chapa vitambaa. Mezani kulikuwa na nyama ya nguruwe ambayo mifupa yake ilikuwa myekundu, ilhali nyama yenyewe haikuwa na rangi yoyote ya ajabu. Ikabainika kwamba nguruwe wale walikuwa wakilishwa pumba zilizotumika kusafishia vitambaa vilivyotiwa rangi ya mizizi ya mmea wa rubia. Belchier akawalisha majogoo mizizi hiyo na mifupa yao ikawa myekundu vilevile. Rangi ile ilishika mfupa unaojengwa wakati huo. Ufaransa, Henri-Louis Duhamel du Monceau akawalisha nguruwe rubia kwa vipindi, wiki kadhaa wakipewa, wiki kadhaa wakinyimwa, akapata mifupa yenye matabaka mekundu na meupe yaliyofuatana. Hivyo ikajulikana mfupa unanenepa kwa kuongezewa tabaka nje. Kuhusu urefu, aliyelimaliza suala ni John Hunter, mpasuaji Mskoti, aliyetumia nguruwe mchanga na risasi ndogo mbili alizozipachika kwenye mfupa wa mguu. Nguruwe akakua, risasi zikabaki zimeachana vilevile. Hales alikuwa amesema kweli.

Katika mwaka huohuo wa 1736 Robert Nesbitt alichapisha mihadhara yake akionyesha kwamba si kila mfupa hutanguliwa na gegedu. Mifupa bapa ya fuvu hujengwa ndani ya utando moja kwa moja. Bado wapo wanaoamini kuwa mifupa yote ya mtoto mchanga ilianza kama gegedu, na Nesbitt alishawajibu zamani.

Kaka mkubwa wa John, William Hunter, alikuwa na umri wa miaka 25 aliposoma mbele ya Royal Society ya London, mwaka 1743, makala fupi juu ya magegedu ya maungio na maradhi yake. Hii ni mojawapo ya kazi ninazozipenda katika historia ya tiba, kwa sababu mwandishi hajifanyi kujua kuliko anavyoona. Aliliroweka gegedu mpaka likalegea, akaona nyuzi zake zimesimama wima juu ya mfupa kama manyoya mafupi ya kitambaa cha mahameli. Akaeleza jinsi miguso ya miaka na miaka inavyopokelewa na nyuzi hizo zinazoinama na kuinuka. Akaifuatilia mishipa ya damu inayozunguka kiungo na kuona inafika ukingoni mwa gegedu, inafanya duara, halafu inakoma. Ndani haiingii. Kuhusu maradhi hakuficha: toka enzi za Hippocrates hadi wakati wake, wapasuaji wote walikubaliana kwamba gegedu lililoharibika ni taabu kulitibu kuliko mfupa wenyewe, na likishatoweka halirudi.

Hilo la mishipa ya damu lina uzito kuliko linavyoonekana. Mfupa uliovunjika huvuja damu, damu huganda, na katika bonge hilo seli za ukarabati huingia na kuanza kazi. Gegedu likichanika halivuji chochote. Halina mishipa ya fahamu pia, ndiyo maana linaweza kulika kwa miaka mwenyewe asihisi kitu. Maumivu huanza pale mfupa wa chini yake na utando unaozunguka kiungo vinapofikiwa.

Karne iliyofuata iliwapa wasomi hadubini nzuri, na hapo gegedu likapata heshima ambayo wachache wanaikumbuka. Oktoba 1837, mjini Berlin, Theodor Schwann alikuwa akila pamoja na Matthias Schleiden, mtaalamu wa mimea, aliyemsimulia juu ya kiini kinachoonekana ndani ya kila seli ya mmea. Schwann akakumbuka kuwa aliwahi kuona kitu cha namna hiyo katika uti wa awali wa viluwiluwi. Wakainuka wakaenda kutazama pamoja. Baadaye akachunguza gegedu la matamvua ya viluwiluwi hao, na kumbe pale seli zilionekana wazi kuliko mahali pengine popote mwilini. Sababu ni rahisi. Katika tishu nyingi za mnyama seli zimebanana na kuta zake hazionekani vizuri. Katika gegedu seli zimekaa mbalimbali, kila moja au kikundi kidogo ndani ya kishimo chake, zimezungukwa na kitu angavu ambacho zimekitengeneza zenyewe. Mwaka 1839 Schwann alichapisha kitabu kilichosema wanyama na mimea vimejengwa kwa seli. Biolojia yote tuliyofundishwa shuleni inasimama juu ya hoja hiyo, na gegedu la kiluwiluwi lilikuwa miongoni mwa ushahidi wake wa kwanza.

Kile kitu angavu kilichozizunguka seli ndicho gegedu hasa. Katika goti la mtu mzima seli hazifiki hata asilimia 5 ya ujazo. Maji peke yake huchukua kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito. Linalobaki ni nyuzi za kolajeni na molekuli kubwa za protini zilizobeba minyororo ya sukari. Mwaka 1969 Edward Miller na Vincent Matukas, wakifanyia kazi gegedu la vifaranga, waligundua kwamba kolajeni yake si ile ya ngozi na mfupa bali ni aina nyingine, ambayo sasa huitwa kolajeni ya aina ya pili. Upande wa zile sukari, kazi kubwa ilifanywa Uingereza na Helen Muir. Mwaka 1958 alionyesha kwamba minyororo ya sukari ya gegedu imefungwa kwenye protini, haielei ovyo. Mwaka 1972 yeye na Timothy Hardingham wakaonyesha jinsi molekuli hizo zinavyojishika kwa wingi kwenye uzi mmoja mrefu na kuwa kitu kikubwa mno kisichoweza kuponyoka kwenye wavu wa kolajeni. Sukari hizo zina chaji hasi na huyavuta maji kwa nguvu. Gegedu linataka kuvimba, kolajeni inalizuia. Ukikanyaga, maji husukumwa nje kidogo. Ukiinua mguu, hurudi. Chakula cha seli huingia kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa damu haifiki. Visahani vilivyo kati ya pingili za mgongo navyo hupoteza maji mchana kutwa, na ndiyo maana mtu hulala akiwa mfupi kuliko alivyoamka, kwa takriban sentimita moja.

Hadubini ilionyesha pia kwamba magegedu si mamoja. Lililo jingi zaidi ni lile angavu, la rangi ya maziwa yenye ubuluu, linalofunika vichwa vya mifupa, kuunganisha mbavu na kidari, kuipa pua umbo na kulishikilia bomba la hewa lisijifunge, kwa mapingili yapatayo 16 hadi 20 yaliyo wazi upande wa nyuma, umio ulipo. Sikio lina aina nyingine, yenye nyuzi za kunyumbuka. Likunje uliachie, litarudi lilivyokuwa mara moja. Kidakatonge, kinachoziba njia ya hewa tunapomeza, ni cha aina hiyo pia. Ya tatu ni ngumu na nzito, imesheheni kolajeni ya aina iliyomo kwenye kano, na huwekwa palipo na mvutano na mkandamizo kwa pamoja: kati ya pingili za mgongo, mbele ya nyonga pale mifupa miwili inapokutana, na ndani ya goti, ambako vipande viwili vyenye umbo la hilali hukaa kati ya mfupa wa paja na wa ugoko.

Sasa turudi kwenye swali la kasisi. Mwaka 1858 Heinrich Müller wa Würzburg alieleza kwa usahihi kinachotokea pale mwishoni mwa mfupa. Gegedu haliwi gumu tu na kuitwa mfupa. Hubomolewa, na mfupa mpya hujengwa mahali pake. Katika mimba ya wiki nane hivi mtoto tayari ana kiunzi kidogo cha gegedu chenye umbo la mifupa ya baadaye. Mishipa ya damu huingia katikati ya mpini, kazi ya kubomoa na kujenga ikaanza, na kuelekea miishoni mpaka linabaki bamba jembamba la gegedu karibu na kila kichwa. Ndani ya bamba hilo seli hugawanyika na kujipanga safu kufuata urefu wa mfupa. Zikifikia upande wa mpini huacha kugawanyika na kuvimba mara nyingi kuliko ukubwa wake wa mwanzo. Kuvimba huko ndiko hasa kunakousukuma mfupa urefuke. Kisha kuta zao hushika chokaa, mishipa ya damu huvamia, na wajenzi wa mfupa huingia. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba seli hizo zilizovimba hufa zote. Uchunguzi wa panya uliochapishwa mwaka 2014 umeonyesha kwamba baadhi hazifi. Hubadili kazi na kuwa wajenzi wa mfupa zenyewe.

Miisho miwili haina kasi sawa. Kwa binadamu kiasi cha asilimia 70 ya urefu wa mfupa wa paja huongezwa upande wa goti, na zaidi ya nusu ya urefu wa mfupa wa ugoko pia upande wa goti. Mtoto akivunjika karibu na goti, ni lazima daktari alitazame bamba hilo kwa makini, maana likiumia mguu mmoja unaweza kubaki mfupi.

Eksirei hupita kwenye gegedu karibu kama hakuna kitu. Ukipiga picha kiganja cha mtoto aliyezaliwa leo utaona mifupa ya vidole na ya mkono, na kwenye kifundo cha mkono weusi mtupu. Vijifupa vinane vya hapo bado ni gegedu na hujitokeza kimoja kimoja miaka inavyokwenda. Kutokana na hilo William Greulich na Idell Pyle walitoa mwaka 1950 kitabu cha picha za kukadiria umri wa mifupa, wakitumia picha za watoto wa Cleveland, Marekani, weupe wa familia zenye uwezo, zilizopigwa zaidi miaka ya 1930. Kitabu hicho kimetumika dunia nzima, pamoja na hospitali zetu. Kwa mtoto aliyekulia Sumbawanga au Lodwar kwa lishe tofauti, kipimo hicho kinapaswa kusomwa kwa tahadhari kubwa.

Mashabiki wa soka wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Malalamiko ya vijeba, yaani wachezaji waliojipunguzia umri, kwenye timu za vijana ni ya siku nyingi, na umri ulio kwenye pasi ya kusafiria huenda ni ule aliotaja mchezaji mwenyewe. FIFA ikaamua kutazama bamba la gegedu kwenye mfupa mkubwa wa kifundo cha mkono kwa kipimo cha MRI, kisichotumia mionzi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 kwa vijana 496 wa Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina ulionyesha kwamba ni nadra sana bamba hilo kuwa limeziba kabisa kabla ya miaka 17. Kipimo kikaanza kutumika kwenye Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009. Kinamnasa aliyekwisha kuziba, lakini wa miaka 18 ambaye bamba lake bado liko wazi hupita salama. MRI haijui siku ya kuzaliwa ya mtu.

Kinachoziba bamba kilifahamika vizuri mwaka 1994, madaktari wa Marekani walipomweleza mwanaume wa miaka 28 mwenye kimo cha sentimita 204 ambaye alikuwa bado anakua. Mifupa yake ilikuwa ya kijana wa miaka 15. Homoni za kiume alikuwa nazo za kutosha. Kasoro ilikuwa kwamba mwili wake haukuweza kuipokea estrojeni, homoni tuliyozoea kuiita ya kike. Kumbe hata kwa mwanaume, estrojeni ndiyo inayofunga kazi.

Suala la mishipa ya damu nalo lilizua mkasa wake. Miaka ya 1970, Judah Folkman na wenzake mjini Boston walijiuliza: ikiwa gegedu huizuia mishipa isiingie, je, haliwezi kuinyima saratani damu? Majaribio ya maabara kwa gegedu la ndama, na baadaye la papa, yalitia moyo. Kisha mwaka 1992 William Lane akatoa nchini Marekani kitabu kilichodai papa hawapati saratani, na vidonge vya gegedu la papa vikauzwa kila mahali. Papa wanapata saratani. Mwaka 2004 wanasayansi waliorodhesha vivimbe zaidi ya 40 kwa papa na jamaa zao. Dawa iliyotokana na gegedu hilo ilijaribiwa kwa wagonjwa 379 wa saratani ya mapafu, na matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha haikuwaongezea maisha. Papa waliouawa kwa biashara hiyo hawakumfaa mtu.

Magoti nayo yaliteswa na nadharia. Mwaka 1883 Thomas Annandale wa Edinburgh alikuwa wa kwanza kulishona gegedu la hilali lililochanika badala ya kulitoa. Miaka 14 baadaye John Bland-Sutton, mpasuaji mwenye jina kubwa, aliandika kwamba vipande hivyo ni mabaki ya misuli isiyo na kazi. Wapasuaji wakavitoa vizima kwa miaka mingi, na maelfu ya wachezaji wakarudi uwanjani na kushangiliwa. Mwaka 1948 Thomas Fairbank alizitazama eksirei za magoti yaliyotolewa gegedu akaona nafasi kati ya mifupa imepungua na mfupa umeanza kubadilika. Hata hivyo ilichukua miongo mingine ndipo shauri la Annandale likarudi kuwa la kwanza.

Jaribio la kumpinga William Hunter lilitoka Sweden. Mwaka 1994 Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao wa Gothenburg walieleza wagonjwa 23 waliochukuliwa kipande kidogo cha gegedu lao, seli zikazalishwa maabara, kisha zikarudishwa kwenye kidonda cha goti. Kati ya 16 waliokuwa na kidonda kwenye mfupa wa paja, 14 walikuwa na hali nzuri baada ya miaka miwili. Kwenye kilegesambwa ni 2 kati ya 7. Njia hiyo bado inatumika, na ni kwa mashimo madogo ya watu wasio wazee. Goti lililolika lote halimo.

Na mwaka 2016 Wadenmark walipima umri wa kolajeni ya goti kwa alama iliyoachwa na mabomu. Majaribio ya nyuklia yaliongeza kaboni-14 angani hadi kilele cha mwaka 1963, kisha ikaanza kushuka, kwa hiyo kila tishu hubeba alama ya mwaka ilipojengwa. Kolajeni ya magoti ya watu wazima ilikuwa na alama ya utoto na ujana wao. Haikuwa imefanywa upya, hata kwa wagonjwa wa viungo.

Mtaani tunaambiwa mafuta ya magoti yamekwisha, tunywe maji ya bamia au supu ya makongoro. Supu ni chakula kizuri, lakini mpaka sasa hakuna supu, kidonge wala sindano iliyothibitishwa kuotesha upya gegedu la goti lililolika. Yanayosaidia kwa uhakika ni mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na kwa mwenye uzito mkubwa, kuupunguza: kila kilo moja inayotoka huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua.